Asilimia Arobaini na Moja

Mashine ikizimwa saa mbili usiku
masikio yangu huendelea kusaga.
Nakung'uta unga kwenye nyusi, nakung'uta kwenye simu,
nakaa juu ya gunia la mihogo mikavu ya Mama Ezatiru
ambaye hajalipa,
nafungua somo la kumi na nne.

"Soma kwa mwendo wako," waliniambia siku ya kujiandikisha.
Nilicheka peke yangu humu kinuni, hapa Arua,
kwa kuwa sijawahi kuwa na mwendo ulio wangu.
Upo mwendo wa dizeli.
Upo wa umeme, unaokuja kama mkwe: hujafagia, hujaoga.
Upo wa bando la usiku, linalokata roho saa kumi na mbili kamili.
Na upo wa Ayikoru, mwanangu mwenye pumu,
anayenipa wiki nzima ya kusoma
kisha akainyakua yote kwa usiku mmoja.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kibaba changu kina tundu,
nalo nimeshalipigia hesabu.

Profesa wa kwenye video ana shati lisilo na doa.
Tuchukue mfano, anasema, wa kiwanda cha viti.
Kila somo ni viti.
Sijui nani anavikalia vyote hivyo.
Namsimamisha mdomo ukiwa wazi,
natoa viti, naweka madebe:
gharama zisizobadilika, kodi ya kibanda na mshahara wa Drani mlinzi;
zinazobadilika, dizeli, nyundo za mashine, chekeche,
na chai ya askari wa manispaa,
ambayo Profesa hajasema huandikwa safu gani.

Mwezi wa nne nilipotea siku kumi na tisa.
Programu ikaniandikia yenyewe:
"Candiru, tumekukosa. Bado una nia?"
Nilikuwa wodini, nimemshikia mtoto barakoa ya mvuke.
Nilitaka kujibu, tena nilikuwa na mengi.
Hapakuwa na mahali pa kuandika,
palikuwa na kitufe tu, cha kijani: ENDELEA.
Nikakibonyeza kwa kidole gumba
kama bibi yangu alivyotia sahihi ya mkopo wa pamba.

Usiku huu somo ni madeni yasiyolipika.
Deni likichacha, anasema Profesa, lifute;
kuliacha daftarini ni kujidanganya kuwa u tajiri.
Basi nikashusha daftari la kweli, lile la msumarini.

Wale wawili waliovuka na madebe manane kwenda Ariwara:
nikawafuta. Haikuuma.
Shemeji Onzima, magunia matatu ya harusi:
nikamfuta,
halafu nikamwandika upya, kwa wino mwekundu.
Kisha Bi Adiru.
Debe moja na nusu, mtama wa matanga ya mumewe,
miaka miwili sasa.
Kalamu ikakaa juu ya jina lake.

Kwa maana kila Jumapili, kabla sijaamka,
kuna mtu anayefagia mlango wa kinu changu,
anakusanya makapi pembeni, anamwaga maji vumbi litulie,
na wateja hutoka hadi kule sokoni kuja kwangu
wakisema, kwa Candiru ni safi.
Hajawahi kuniambia kwa nini.
Nami sijawahi kuuliza.

Simu inauliza, swali la tisa:
*Salio hili ni mali au hasara?
Chagua jibu moja.*

Saa kumi na moja na dakika arobaini.
Betri nyekundu, bando limebaki kijiko.
Nimetafuta jibu la tatu, nikapandisha ukurasa, nikaushusha,
halipo.

Nje, ufagio umeanza.
Asilimia arobaini na moja: naiacha hapo hapo,
naenda kufungua mlango,
safari hii kabla hajaondoka.