Jumanne ya Nusu Bei

Tumetoka sinema, Barabara ya Portage,
Winnipeg, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na pua ya Salha ni nyekundu kwa kulia.
Mimi sikulia. Nimekaa saa mbili na dakika arobaini,
bisi zikinipoa mapajani,
nikihesabu walichoiba.

Wamechukua daraja. Wamechukua taa ya mlinzi,
ile ya mafuta, na ukungu wake chini.
Wamechukua hata kikohozi,
yule mzee anavyokohoa mara mbili kabla ya kusema uongo.
Na glavu.
Katika ile ya zamani anaivua,
anaiweka juu ya ukingo, anaondoka,
na picha inabaki palepale, haina haraka,
mpaka wewe mwenyewe unaona haya kuitazama.
Katika hii inaanguka polepole kama manyoya,
fidla arobaini zinalia,
kisha mwanamke anatueleza, kwa sauti,
maana ya glavu.

Marehemu mama angetaja tembo na msamba,
nami ningemkonyeza: mtoto yupo.

"Hukuipenda," anasema Salha kituoni.
Pumzi yake inaganda kwenye skafu.
Namwambia: ile ya kwanza niliionea Muheza,
chumba cha Mzee Kilango, nyuma ya mashine ya kusaga,
televisheni ya inchi kumi na nne, benchi za kuazima kanisani.
Kanda imechoka, ina michirizi.
Watu wake wanasema lugha
ambayo Muheza nzima hakuna aliyeijua.
Ndiyo maana mjomba wako Mhina, miaka kumi na saba,
shati la shule, kipaza sauti cha kukodi,
alisimama pembeni akitutafsiria.
Mlinzi wa daraja akawa mtu wa Pangani,
mwenye deni la mchele na mdomo mchafu.
Na alipovua ile glavu, Mhina akasema taratibu:

"Chukua huo mkono. Huu mwingine niachie,
nitakulia nini?"

Watu walicheka.
Halafu wakanyamaza, mmoja mmoja,
mpaka tukausikia ukanda wa mashine ya kusaga.

Leo nimeingoja hiyo sentensi.
Nimeivumilia filamu nzima kwa ajili yake,
kama mtu anayekaa msibani kwa wasiomhusu
akingoja jina moja litajwe.
Haikuja. Nikawalaani:
kuiga wameiga, wakasahau kiini.

Basi limechelewa. Taa ya joto ya kituo inatuchoma utosi,
miguu barafu.
Na hapo, bila kutaka,
naiona tena sura ya yule mzee, na michirizi yake:
midomo imefumba.
Amevua glavu, ameiweka, ameondoka,
na midomo imefumba tangu mwanzo.

Mhina hakuijua ile lugha. Hata salamu.
Mhina hayupo wa kumuuliza.

"Sasa alisema nini?" Salha anauliza.
"Nani?"
"Yule mlinzi. Kwenye ile ya kweli."

Natafuta kadi ya basi, mfuko huu, mfuko ule,
vidole havisikii kitu.
Basi linafika, milango inapumua.
Kiti cha nyuma ananiegemea,
anataka turudi Jumanne ijayo,
ile sehemu ya glavu aione tena.

Nimesema tutaona.