Misuli Ina Daftari

Leo ni siku ya pili, nayo ndiyo mbaya.
Jana nilishuka kitandani mwenyewe.
Leo nimeshuka kwa vipande:
mguu mmoja, kisha maneno, kisha mguu wa pili.
Chooni nimechuchumaa nusu
nikabaki hapo, nimeshika ukuta wa makuti
kama mtu aliyesahau alichoitiwa.

Baisikeli yenyewe haina kosa.
Finiksi nyeusi ile ile,
miaka kumi na mmoja imening'inia kwenye boriti
juu ya magunia ya mihogo mikavu.
Nikaiteremsha Jumatatu, nikaitia grisi,
fundi Nangumbi akaniuzia tyubu mbili,
akanitazama kiuno, akacheka puani:
"Mama Chitanda, chuma kimepona. Wewe je?"

Nikamwona mjinga.
Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda kilima cha Kitangari
na mizani ya watoto mgongoni,
boksi la chanjo nyuma, mvua ya Machi usoni,
nafika juu na pumzi ya kugombana bado ninayo.
Kisha ikaja pikipiki ya zahanati,
ikanibeba, ikanizoesha kubebwa.
Sasa pikipiki imekufa tangu mikorosho ichanue,
inasubiri kipuri kutoka Mtwara,
na kule bondeni Nanyundo wako wajawazito wanne
ambao matumbo yao hayasubiri kipuri.

Kushuka kulikuwa sherehe.
Upepo ndani ya gauni, breki zinalia,
watoto wanakimbia pembeni, "Nesi! Nesi!"
ingawa mimi si nesi.
Nikapima matumbo manne, nikala ming'oko,
nikaambiwa nimenawiri.
Hakuna aliyenikumbusha kwamba nyumbani ni juu.

Kilima hakikunitukana. Kilinisalimia tu,
msuli mmoja mmoja, kwa jina.
Paja, hujambo?
Nyama ya nyuma ya goti, kumbe bado upo?
Na pale mtu na kiti wanapokutana,
nisipataje, mnapajua,
pale nilisalimiwa mara mia sita.
Katikati nikashuka, nikasukuma.
Kijana akanipita, naye anasukuma yake
yenye magunia mawili ya korosho, hata jasho hana.
"Pole, bibi."
Bibi!

Usiku Nambunga amenisugua kwa mafuta ya nazi na kafuri,
kimya, kama anayekanda unga wa mhogo wa jirani.
Kila alipogusa niliruka.
"Hapa?" Hapo.
"Na hapa?" Hapo pia.
"Basi nionyeshe pasipouma."
Nikafikiri muda mrefu.
Nikamwambia, masikio.

Nami nilidhani mwili husamehe.
Kumbe misuli ina daftari, kama duka la Bi Hadija:
kila siku niliyokaa nikabebwa imeandikwa
kwa kalamu ya risasi, na leo wamejumlisha.
Wala hawakunizidishia.

Kuna kitu kingine, nakisema polepole
kwa sababu hata kucheka kunauma.
Chini ya maumivu haya, ndani kabisa,
kipande cha paja kimeamka kigumu,
kinatetemeka kidogo hata nikiwa nimelala,
kama mbwa anayeota anakimbia.
Sikijui.
Au nilikijua nikiwa na miaka arobaini.

Chitanda anasema nipumzike hadi Ijumaa.
Lakini tumbo la Mwanahawa juzi lilikuwa limeshuka,
na mtoto aliye ndani hajui Ijumaa ni nini.
Baisikeli imeegemea ukuta.
Kiti nimekifunga kipande cha godoro
kwa kamba ya mkonge.
Mguu mmoja uko juu ya pedali.
Huo wa pili, bado tunajadiliana nao.