Nepi Haina Upindo

Mvua ya Kakamega haibishi hodi.
Saa nane mchana ishafika kwenye kamba,
na vitambaa ishirini na vinne alivyoleta mama mkwe kutoka Shinyalu,
vyeupe, vimekunjwa kama barua,
vinarudi ndani vikinuka ukungu.
Tumevianika juu ya viti, juu ya cherehani,
juu ya picha ya harusi.
Siku ya tatu Muhonja alinitazama tu, hakusema,
nami nikavaa gambuti.

Duka la Bi Ayuma, Amalemba,
huuza nepi moja moja, kama sigara.
"Mtoto ana miezi mingapi?"
Mitatu na nusu.
"Basi chukua hii."
Nikamwambia, mama, nguo haikatwi kwa miezi.
Kuna wa miezi mitatu aliye kama gunia la viazi,
na kuna Imali wangu, aliyekuja mapema
kama mgeni aliyekosea siku:
kilo nne na robo, kadi ya kliniki hii hapa.
Alicheka hadi akaegemea mizani ya sukari.
Nikanunua tatu, za kampuni tatu,
ya shilingi kumi na tano, ya ishirini,
na moja ya thelathini na tano
yenye picha ya mtoto asiyejua matope.

Mimi ni fundi. Miaka kumi na tisa
nashona sare za shule.
Sijui homa ya meno, sijui mchango,
lakini lastiki naijua.
Usiku ule nilizilaza mezani kama wateja,
nikazivuta kiunoni, nikazipindua,
nikapitisha kidole penye mshono wa paja
kutafuta panapokwaruza.
Kisha maji, kikombe cha chai kwa kila moja,
na karatasi ya kukatia nguo juu yake, nikibonyeza.

Ya kumi na tano ililia papo hapo.
Ya thelathini na tano ilikunywa yote, kimya,
ila ilikuwa na marashi. Marashi!
Nikaikumbuka shingo ya Imali na vile vipele
vya sabuni ya shangazi.
Iliyobaki haikuwa na sura, haikuwa na ua wala dubu.
Karatasi ikatoka kavu.
"Umemaliza mtihani?" Muhonja akauliza kutoka kitandani.
"Maana mtahiniwa ameshakojoa."

Vidole viwili kati ya lastiki na tumbo,
kama ninavyompimia mzee apendaye ugali.
Ukingo wa mapaja nikautoa nje kwa ncha ya kidole.
Akalala hadi jogoo.
Usiku wa pili gundi ikaachia upande mmoja.
Nikanyosha mkono kuchukua sindano.
"Usithubutu," akasema Muhonja.

Mama mkwe hakupendezwa.
"Mnafunga mavi kwa noti," alisema,
wala hakukosea.
Nepi nne kwa siku ni kola mbili za shati nisizolipwa,
na mwenye nyumba ameandika kwa chaki mlangoni mwa choo:
ATAKAYETUPA NEPI SHIMONI ATAINGIA KUITOA.
Kwa hiyo jua likiwaka, vitambaa.
Mvua, usiku na kliniki, za dukani.
Muafaka huu huvunjika kila Jumapili.

Jana nilipomvua
niliona mstari mwekundu umezunguka paja,
mwembamba, ulionyooka,
kama mshono wangu mwenyewe.
Kliniki wakasema kilo sita na nukta mbili.
Muhonja akapiga kigelegele mbele ya muuguzi.
Nami nikawa nahesabu kichwani:
kumi na moja za namba mbili zimebaki kwenye droo ya vifungo.

Sketi ya darasa la kwanza huiachia upindo wa inchi nne;
mama huja kila Januari, nafumua, nashusha,
mtoto anazidi kurefuka ndani ya nguo ileile
na mimi najiona mwerevu.
Nepi haina upindo.
Nimeigeuza huku na huku chini ya taa,
hakuna pa kufumua.
Kesho narudi kwa Bi Ayuma na kadi yangu
kuuliza namba tatu,
na nitapatia, kwa wiki chache,
kisha nitakosea tena,
Mungu akipenda.