Bafu la Kikombo

Siku ya kumi na moja, chini ya vumbi na mavi ya mbuzi,
mwiko wa Mbeleje uligonga saruji:
birika refu, la kumtosha mtu mmoja aliyelala,
na chini yake tanuru, majivu bado meusi.

Tukapima. Madebe kumi na manne ndipo lijae.
Kwenye mfereji tukachekecha:
kifungo cha shaba, meno mawili ya kitana,
kipande cha sabuni kilichogeuka jiwe.
Bwana wa reli alioga, hilo halina ubishi.
Vyote tukavitia namba.

“Maji je?” akauliza Chilewa,
ambaye kwao ndoo huvuka kilima.
Bomba hakuna. Tulitafuta.

Ila nje ya ukuta wa kaskazini
udongo ulikataa sururu:
mstari mwembamba, upana wa nyayo mbili,
ukishuka hadi korongoni, penye visima vya mchanga,
umeshindiliwa na waliobeba.
Ngata zao zilikwisha oza.
Mbeleje akavua viatu.

Jioni, kopo moja kila mtu.
Nilijimwagia polepole, bega hadi kisigino,
nikihesabu hatua,
nikapoteza hesabu.