Saa Moja ya Huko

Ramani nimeichora kwa chaki sakafuni,
hapa hapa gerejini Kanyenye,
kutoka mlangoni hadi chini ya benchi la vaisi.
Nati namba kumi na saba ndiyo Stokholm.
Boliti ya injini ni Umea.
Plagi iliyoungua ni mwisho wa barabara,
ambako nchi kavu imechoka, ikaketi
na kuning'iniza miguu baharini.

Nyamizi yuko Umea, anauguza wazee.
Mji una jina la mbegu iliyokubali udongo.
Namwambia mama yake: mtoto hakupotea, amemea.
Mama yake hajibu. Anapepeta mchele.

Jirani wa Nyamizi, bibi Gunvor,
ameachiwa pikipiki na marehemu mumewe.
Imelala bandani, chini ya blanketi, baridi ya tatu sasa.
Bibi amesema: atakayeiamsha, aiendeshe.
Miaka thelathini na moja naamsha vyuma vilivyoliliwa tanga!
Nikampigia Nyamizi usiku huohuo:
fungua plagi, mwanangu, niambie rangi yake.
Akasema, nyeusi, baba, inang'aa kama masizi ya sufuria.
Basi haijafa, nikamwambia. Imeshiba tu mafuta.

Nimepiga hesabu kwa njia ninazozijua makalioni:
Tabora hadi Mpanda, mara sita na nusu.
Hiyo nusu inanitisha kuliko zile sita.
Juni. Koti la mvua. Viraka, pampu, waya wa klachi wa akiba.
Asali ya Sikonge chupa mbili, moja ya bibi,
nyingine ya kumhonga yeyote
tutakayemkuta ana petroli na sisi hatuna.
Nyamizi anasema kuna mnyama, mrefu kuliko pofu,
husimama katikati ya lami
kama mwenye hati ya kiwanja.

Jana Lugeye wa mtaa wa pili kaingia na pancha,
akaiburura Boxer yake juu ya Uswidi yote.
Nikapiga kelele. Akaruka, akadhani kakanyaga nyoka.
Nimeichora upya. Barabara imepinda kidogo, labda ndivyo ilivyo.

Lakini jambo moja limenigomea
kama nati iliyoliwa meno.
Huko Juni jua halitui.
Na saa yetu sisi huanza jua likichomoza:
saa moja ni moja kwa sababu nyuma yake palikuwa na giza.
Lisipochomoza, kwa kuwa halikuzama,
saa moja nitaianzia wapi?
Na Magharibi nitaiswali lini?

Nikamuuliza maalimu Songoro, alipoleta vespa yake.
Akafuta miwani. Akaifuta tena.
Akasema: fuata saa za mji wa karibu wenye usiku.
Mji wa karibu wenye usiku.
Nimelala nao huo usemi siku tatu.
Siujui mwingine ila huu.

Halafu kuna fomu ya viza, kurasa nane.
Wanataka taarifa ya benki, nikawapa.
Wanataka picha isiyocheka, nikawapa.
Swali la mwisho: kitu gani kitakurudisha kwenu?
Nimeandika: mizinga arobaini na miwili, porini, Sikonge.
Nikaikata kwa mstari. Nikaandika: gereji.
Nikaikata nayo. Fomu imechafuka,
itabidi nichapishe nyingine kwa Mrisho, shilingi mia tano ukurasa.

Leo jioni mama Nyamizi ameingia na ufagio.
Nikamzuia: hapo usifagie, hapo ni Finlandi.
Akasimama, ufagio begani kama bunduki,
akaifuata chaki kwa macho, polepole,
nati, boliti, plagi.
Ya kwenda nimeiona, akasema.
Ya kurudi umeichora wapi?

Nikapapasa mfukoni.
Chaki imebaki punje, haishikiki kwa vidole vya oili.
Akainama, akaichukua yeye.
Nje adhana ya Magharibi ikaanza,
na giza likaingia gerejini bila kubisha hodi,
kama mteja wa siku zote.