Ishirini na Tano

Oulu, Januari. Saa tisa alasiri giza limeshatanda.
Vuokko anavaa glavu, anasoma kibandiko:
Eeli, miaka tisa, mililita sita.
Kichupa kingali na joto;
muuguzi amekivusha uani kwenye theluji, ndani ya koti.

Kongosho la Eeli linaliwa,
na wanaolila ni askari wake mwenyewe.
Kikulacho ki nguoni mwako,
ila hiki ndicho kilichoishona nguo.

Vuokko hawatafuti hao.
Anawatafuta wachache wanaowashika wenzao mkono,
wanaosema basi, huyu ni wetu.
Hawana sare. Chini ya hadubini
seli zote za T ni duara zilezile, rangi ya maji.

Kwa hiyo anatia kingamwili zenye rangi,
anakifunika kichupa mwanga usizichujue,
na nusu saa anakaa chumba cha kahawa
na kipande cha mkate wa shayiri, bila kukila.

Kisha zinapita mbele ya leza, moja moja, maelfu,
kila moja ikiulizwa swali lilelile:
umevaa nini?

Ishirini na tano kwa wingi,
mia moja ishirini na saba kwa uchache:
hao.

Na hiyo ishirini na tano si cheo. Ni kinywa.
Kwacho huyanywa maji yanayowanenepesha wapiganaji
hadi wenye hasira wakose hata tone.

Mamake Vuokko alikuwa hivyo.
Wajomba walipoanza kutunishiana misuli mezani
hakusema neno. Aliinua chupa, akainywa yote iliyosalia,
akapangusa mdomo.
Wakabaki kutazamana.

Upo uthibitisho mkubwa zaidi, umefichwa ndani ya kiini,
lakini kuuona sharti uitoboe seli,
na iliyotobolewa haiponi.
Walio hai tunawajua kwa uso tu.

Kwenye skrini, wingu la nukta.
Vuokko anachora mpaka kuzizunguka, anafuta, anachora tena.
Asilimia nne nukta moja. Idadi ya mtoto mzima wa afya.
Ila rangi yao imefifia,
kama vinywa vilivyofunguka nusu.

Anaandika: Wapo.
Anazima taa, anafika mlangoni na koti begani,
anarudi, anaiwasha,
na kwenye kisanduku cha maoni, ambacho hakuna anayekisoma,
anaongeza:
Wapo. Lakini je, wanakunywa?