Kanuni ya Kupishana

Nyekundu kushoto, kijani kulia.
Nimefunga karatasi za pipi kwenye tochi mbili,
na Chilewa, mdogo wangu, leo ni meli ya mafuta
juu ya baiskeli ya mjomba Ndahani.

Likizo inaisha Jumapili. Mtihani wa mdomo Jumanne.
Bahi imekauka hadi kwenye magadi;
kibao cha stesheni kinasema mita mia nane na kitu
juu ya usawa wa bahari,
bahari ambayo mama hajaiona,
ila ndiyo inayopima kila kilima chetu.

"Tukikutana uso kwa uso?"
"Kila mmoja aende kulia."
"Na mbuzi?"
"Mbuzi ni miamba isiyo kwenye ramani."

Anacheka. Anapiga kengele mara moja:
nageuka kulia. Najibu kwa mluzi.

Ndipo gizani, bila taa, bila honi,
mama anatoka kisimani,
ndoo kichwani, ndoo mkononi.
Kitabu kina kifungu chake:
chombo kisichoweza kugeuka
kwa uzito wa kazi yake
hupishwa.

Tunaingia mibani, wote wawili, na baiskeli.
"Mnacheza nini usiku huu?"
anauliza, hasimami,
wala tone halimwagiki.